"Nina 3.58 na 510, Nitapata?": Jinsi ya Kupima Nafasi Yako Kabla ya Kuomba Udaktari Marekani

Kila ifikapo Aprili simu yangu huanza kupokea ujumbe wa aina moja. Wa mwaka huu ulitoka kwa binti wa rafiki yangu: "Shikamoo dada. GPA yangu 3.58, MCAT 510. Nitapata?" (GPA ni wastani wa alama za chuo, juu kabisa 4.0; MCAT ni mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari.) Nikaitikia marahaba, nikamwuliza: utapata wapi?

Sikuwa namkejeli. Swali hilo la "wapi" ndilo lililonigharimu mwaka mzima. Mara ya kwanza kuomba udaktari nilituma maombi vyuo 16, nikavichagua kama mtu anayechagua timu ya mpira, kwa jina. Saba vilikuwa vyuo vya umma vya majimbo ambayo sikuwa mkazi wake. Vinne vilikuwa vile ambavyo hata wenye alama za juu kuliko zangu huviweka mwisho wa orodha kama bahati nasibu. Niliitwa kwenye usaili mara moja, nikawekwa kwenye orodha ya kusubiri, nikasubiri mpaka Julai. Kimya. Mwaka uliofuata niliomba tena nikiwa na GPA ileile na MCAT ileile, ila orodha nyingine na nikiwa nimetuma miezi mitatu mapema zaidi. Niliitwa mara tano, vyuo viwili vikanikubali. Akili haikuwa imeongezeka hata chembe.

Kwa hiyo nikikaa na mtu kupima nafasi yake, sitafuti namba moja ya kumpa. Tunatengeneza orodha ya vyuo, na orodha hiyo ndiyo inayojibu.

Kwanza, jua GPA yako halisi

Wengi huniletea GPA iliyoandikwa kwenye transkripti ya chuo chao. Hiyo siyo itakayoonwa. Maombi ya vyuo vingi vinavyotoa shahada ya MD (udaktari wa tiba) hupitia AMCAS, huduma ya maombi ya pamoja, na AMCAS hukokotoa upya kwa kanuni zake. Huingiza kila somo la ngazi ya chuo ulilosoma Marekani, hata lile ulilochukua chuo cha jirani ukiwa bado sekondari ukalisahau. Halafu hutoa GPA mbili zinazotazamwa sana: ya jumla, na ya masomo ya sayansi, yaani biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Ya pili ndiyo inayoumbua watu. Huyu binti ya jumla ilikuwa 3.58, tulipokaa na kalamu, ya sayansi ikatoka 3.41.

Jambo jingine ni kurudia somo. Chuo chako kinaweza kufuta D ya kemia baada ya kulirudia na kupata A. AMCAS haifuti. Somo la krediti nne ulilopata D, ukalirudia ukapata A, linahesabiwa mara zote mbili, na wastani wake unakuwa 2.5, si 4.0. Huduma ya vyuo vya DO (udaktari wa osteopathia), nitakavyovieleza mbele, zamani ilikuwa inabadilisha alama ya mwanzo kwa ya marudio, lakini utaratibu huo uliisha mwaka 2017. Ukikutana na mtu anakushauri urudie masomo ili "yafutike", mwulize alihitimu lini.

Na GPA ni gogo zito, halisukumwi kwa kidole. Chukua mwanafunzi mwenye krediti 120: nusu ya kwanza alipata wastani wa 3.2, nusu ya pili 3.9. Jumla ni 3.55. Akiongeza mwaka mzima wa krediti 30 na kupata A tupu, anafika 3.64. Mwaka mzima, ada, usiku wa manane, kwa pointi tisa za mia. Sisemi asifanye. Nasema asifanye kwa ajili ya namba. Afanye iwapo transkripti yake haina ushahidi kwamba anaweza kubeba sayansi ngumu kwa muhula mzima bila kuyumba. Wasomaji wa maombi hutazama mwelekeo. Mtu aliyeanza na 3.2 akamaliza na 3.9 na yule aliyefanya kinyume chake wana wastani mmoja, lakini hawasomwi sawa.

MCAT: usiipigie ramli

Mtihani huu una sehemu nne, kila moja hutoa alama kati ya 118 na 132, kwa hiyo jumla huanzia 472 hadi 528, na katikati ni 500. AAMC, chama cha vyuo vya udaktari kinachoutunga, chenyewe husema alama ya jumla ina ukingo wa pointi mbili huku na huku. Maana yake 510 na 511 si watu wawili tofauti. Nimeshuhudia mtu akilia kwa ajili ya pointi moja, akaurudia mtihani, akapata pointi mbili chini. Na majaribio yote yanabaki kwenye kumbukumbu, chuo kitayaona. Tena yana kikomo: huruhusiwi zaidi ya mara tatu kwa mwaka mmoja, nne ndani ya miaka miwili, na saba maishani.

Tazama pia mgawanyo. 510 ya huyu binti ilikuwa na 130 kwenye biolojia na 124 kwenye sehemu ya ufahamu wa kusoma. Sisi tuliojifunza Kiingereza juu ya lugha nyingine tunaifahamu hadithi hiyo: sayansi inapanda, ufahamu unashuka. Vyuo kadhaa havipendi sehemu moja iliyozama, hata kama jumla inavutia. (Kule Kanada, McMaster hutazama sehemu hiyo ya ufahamu peke yake katika MCAT yote. Kwa wengi wetu mlango huo ni mwembamba.)

Kama bado hujafanya mtihani, usinitajie alama unayoitarajia. Nipe wastani wa majaribio yako matatu ya mwisho ya mazoezi, yale rasmi ya AAMC, uliyoyafanya kwa muda kamili, umekaa kitako, simu iko chumba kingine. Jaribio ulilolikata vipande viwili, Jumamosi nusu na Jumapili nusu, halihesabiki.

Jedwali la AAMC na linachokuficha

Mwaka 2023 waombaji walizidi 52,000, na walioanza masomo walikuwa karibu 23,000. Wastani wa walioingia ulikuwa GPA 3.77 na MCAT 511.7. AAMC hutoa pia jedwali la bure lenye visanduku: upande mmoja GPA, upande mwingine MCAT, na ndani ya kila kisanduku asilimia ya waliokubaliwa angalau na chuo kimoja. Kisanduku cha huyu binti ni cha GPA 3.40 hadi 3.59 na MCAT 510 hadi 513. Kitafute chako, ukiandike, halafu ukitilie shaka.

Jedwali linajumlisha mtu aliyeomba vyuo vitano na aliyeomba arobaini. Linamjumlisha aliyetuma Juni na aliyetuma Oktoba, aliyefanya kazi hospitali miaka mitatu na ambaye hajawahi kumshika mgonjwa mkono. Ukitaka kuona namba zinaishia wapi, nenda kwenye kona ya juu kabisa, kwa watu wenye GPA inayozidi 3.79 na MCAT inayozidi 517. Hata pale, takriban mmoja kati ya watano hakupata chuo chochote. Wale hawakukosa kwa ajili ya kemia.

Chuo kwa chuo: hapa ndipo penye kazi

AAMC ina hifadhidata iitwayo MSAR. Hulipiwa kwa mwaka, na ni pesa ndogo ukilinganisha na utakazopoteza ukiomba ovyo: AMCAS hutoza dola 175 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya dola 40 kwa kila kinachoongezeka, kisha vyuo vingi vinaomba insha za pili na ada nyingine juu yake. (Kama kipato cha nyumbani ni kidogo, omba kwanza msaada wa ada wa AAMC, maana ukiisha kulipa hawarudishi.)

Ndani ya MSAR, usikimbilie alama ya katikati. Tazama kingo mbili: alama ambayo asilimia 10 tu ya waliokubaliwa wako chini yake, na ile ambayo asilimia 10 tu wako juu yake. Mimi hutumia kanuni ya kienyeji. GPA na MCAT zote mbili zikiwa chini ya ukingo wa chini, chuo kinafutwa, bila huruma. Moja ikiwa chini na nyingine ikiwa katikati au juu, kinabaki iwapo una sababu ya kukitaka zaidi ya jina. Zote zikiwa karibu na katikati, hicho ni chuo chako cha kupigania. Na usijidanganye kwamba kuna chuo cha udaktari cha "uhakika". Hakuna.

Kisha njoo kwenye ukazi, shimo nililotumbukia mimi. Tuchukue chuo cha kubuni cha umma chenye nafasi 180. Wenyeji wa jimbo 1,200 wanaomba, 168 wanaingia: asilimia 14. Watu wa nje 4,000 wanaomba, 12 wanaingia: watatu kati ya kila elfu. Chuo ni kilekile na alama za katikati ni zilezile kwenye ukurasa, lakini mwenyeji anagonga mlango na wewe unagonga ukuta. MSAR inaonyesha mgawanyo huo. Ni mstari mmoja tu, na mimi mwaka wangu wa kwanza niliuruka. Mifano halisi ipo. Chuo cha udaktari cha University of Mississippi huchukua wakazi wa jimbo hilo tu. Vyuo vya umma vya Texas vinabanwa na sheria kuwapa wakazi asilimia 90 ya nafasi, na vina mfumo wao wa maombi uitwao TMDSAS. University of Washington inahudumia majimbo matano, Washington, Wyoming, Alaska, Montana na Idaho, na wa nje ya hayo anahitaji sababu nzito.

Geuza sasa upande wa pili: chuo cha umma cha jimbo lako mwenyewe ndicho cha kwanza kwenye orodha, hata kama jina lake halitamfurahisha mjomba.

Walio kwenye viza ya masomo, hesabu yenu inaanza mbali zaidi. Vyuo vingi vya MD havipokei wasio raia au wasio na ukazi wa kudumu. Vinavyopokea vipo, na baadhi ni vikubwa kama Harvard, Yale na Johns Hopkins, lakini kwa kawaida vitataka uwe umesoma kwanza chuo cha Marekani au Kanada, na baadhi hudai uthibitisho kwamba fedha za miaka ya masomo zipo. Chuja kwa kigezo hiki kabla ya kingine chochote. Nimemwona kijana mwenye 519 akipoteza mwaka kwa sababu nusu ya orodha yake isingeweza hata kufungua faili lake.

Na neno moja kuhusu vyuo vya bure. New York University ilipotangaza mwaka 2018 kwamba wanafunzi wake wa udaktari hawatalipa ada, maombi yalifurika, na alama ya katikati ya MCAT pale imepita 520. Chuo cha udaktari cha Albert Einstein kikafuata mwaka 2024 baada ya mchango wa dola bilioni moja. Kuomba si dhambi, lakini bei ikishuka foleni hurefuka, kwa hiyo chuo kama hicho kiweke kwenye fungu la ndoto.

Mambo yasiyo na namba

Kila chuo kina kinachokitafuta, na hukisema wazi kwenye dhamira yake. Howard, Meharry na Morehouse vina historia ndefu ya kuandaa madaktari weusi na wa kuhudumia waliosahaulika. Vingine vinataka madaktari wa familia watakaokwenda vijijini. Vingine vinataka watafiti, na mtu asiyewahi kugusa maabara atakuwa mgeni huko hata akiwa na 520. Swali la kujiuliza ni moja: nikiondoa alama, chuo hiki kitaona nini kwenye faili langu kinachofanana na wanachokihubiri? Jibu likiwa "naipenda dhamira yenu", hujajibu. Wanataka saa ulizotumia na mahali ulipozitumia.

Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2023, vyuo haviruhusiwi kuipa rangi ya mtu uzito katika kukubali. Lakini unaruhusiwa kueleza jinsi rangi, uhamiaji au lugha vilivyoyaumba maisha yako. Usiyaache nje kwa kudhani yamekatazwa.

AMCAS inakupa nafasi 15 za kuandika shughuli zako, na unaweza kuzitaja tatu kuwa za maana zaidi. Hapa ndipo nilipokaa na binti yule muda mrefu kuliko kwenye hesabu zote. Alikuwa amefanya kazi saa 1,400 kama msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akaandika: "Nilisaidia wazee katika shughuli zao za kila siku na kujifunza huruma." Nikamwambia sentensi hiyo wameiandika watu elfu kumi kabla yake. Nikamwomba anisimulie jioni moja tu.

Akasema kulikuwa na mzee mmoja aliyepoteza kumbukumbu, ambaye kila saa kumi na mbili jioni alivaa koti na kusimama mlangoni akiomba nauli ya basi arudi nyumbani kwa mama yake. Wahudumu wengine walimkumbusha kwamba mama alishafariki, na kila jioni mzee alifiwa upya. Yeye akaanza kuweka sarafu nne mfukoni. Alimpa, akamwambia basi limechelewa, tuketi tulisubiri. Mzee alizihesabu sarafu, akazishika, akasinzia. Kabla ya kutoka zamu, binti alizichukua kwenye kiganja kilicholegea kwa ajili ya kesho.

"Hiyo umeiandika wapi?" Hajaiandika popote. Alidhani ni jambo dogo.

Unapopima nafasi yako, basi, usihesabu saa tu. Chukua kila shughuli kubwa, jiulize kama una jioni moja ya kuisimulia namna hiyo. Kama huna, inawezekana ulikuwepo bila kuwepo, na msaili atalihisi ndani ya dakika tano. Kisha pima barua: je, kuna walimu wawili wa sayansi wanaokujua kwa jina na sura, au ni watu watakaoandika kwamba ulipata A na ulihudhuria? Na kama una kosa la nidhamu kwenye rekodi, hata dogo la mwaka wa kwanza, litaje. Likijitokeza lenyewe ni kubwa mara kumi.

Hesabu ya "nitaomba vingi"

Kuna wanaosema: chuo kinachukua asilimia 4, nikiomba 20, nina asilimia 80. Waliosoma uwezekano kidogo watasahihisha, ni 56. Wote wamekosea, kwa sababu hiyo hesabu ni ya dadu, na kila ukirusha dadu huanza upya. Wewe hutumi watu 20. Unatuma faili moja mara 20. Kama insha imepwaya, imepwaya kote. Kama sehemu ya ufahamu ni 124, ni 124 kila mahali. Kuongeza vyuo kunasaidia pale tu vinapotofautiana kwa wanachokitafuta. Kuongeza vyuo kumi vya aina ileile iliyokukataa ni kununua tiketi ya basi lililokwisha ondoka.

Ndiyo maana nawasihi watu wenye alama za katikati waombe na vyuo vya DO, kupitia AACOMAS, huduma ya maombi ya pamoja ya vyuo hivyo. Wastani wa wanaoingia huko uko karibu na 504 kwa MCAT na 3.6 kwa GPA. Mhitimu wa DO ni daktari kamili Marekani, anaandika dawa, anapasua, anasimamia wodi. Baadhi ya fani za upasuaji zenye ushindani mkali ni ngumu zaidi kwake kuzifikia, hilo nalo ni kweli na ni bora ulijue sasa.

Tarehe nayo ni alama

Vyuo vingi hufungua mafaili kadiri yanavyoingia na kugawa nafasi za usaili hivyohivyo. AMCAS hupokea maombi kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, na uhakiki wa transkripti huchukua wiki kadhaa foleni ikishakuwa ndefu. Matokeo ya MCAT huchukua karibu mwezi kutoka. Ukifanya mtihani Agosti, faili lako linakamilika Septemba, wakati wengine wameshapangiwa usaili. Mimi mwaka wa kwanza nilikamilika katikati ya Septemba, na nilijiona mwenye haraka, kwa sababu mwisho wa kupokea ulikuwa Novemba. Mwisho wa kupokea si kipimo cha chochote.

Kama ifikapo Mei MCAT bado, au saa za kukaa na wagonjwa hazijafika hata mia, au barua ya pili ya sayansi haina mwandishi, subiri mwaka. Mwombaji wa mara ya pili huulizwa nini kimebadilika, na ni swali baya kulijibu ukiwa huna jibu.

Orodha ya binti yule ilianza na vyuo 31. Tulipochuja ukazi vikabaki 22, tulipochuja kingo za alama vikabaki 15, na tukaongeza sita vya DO. Vitatu kati ya 21 ni vya ndoto, alivichagua mwenyewe na sikubishana. Insha ya sarafu imekwenda kote. Alituma wiki ya kwanza ya Juni.

Jana ameniandikia tena: "Dada, kwa hiyo nitapata?" Nikamjibu kwamba vyuo vingi vya MD vinaanza kutoa majibu Oktoba 15, na kwamba kile chuo cha jimbo lake kimempa wiki mbili kurudisha insha za pili, na siku tisa zimeshakwisha.